SOMO LA ROBO HII: ASUMINI DIRISHANI, TUANZE KWA KULITAZAMA JUA



Katika toleo hili tunaleta somo ambalo wanakamati wa sharika za mjini wametuomba mara kadhaa. Je, mtu anayeishi ghorofani, asiye na uwanja, anaweza kuotesha ua linalotambaa ndani ya nyumba hadi likachanua? Jibu letu ni ndiyo. Ila tulilipata kwa kuzunguka, na ni haki wenzetu, pamoja na wafadhili waliochangia miche ya kwanza, wajue ilivyokuwa.

Tulichagua asumini. Ni ua la watu wa pwani tangu zamani. Akina mama wa Zanzibar, Mombasa na Lamu hulitia kwenye kikuba pamoja na mkadi na mrehani. Mche wake hubaki kijani mwaka mzima, haudai nafasi kubwa, na ukifungiwa kamba hupanda taratibu. Ua hufunguka jioni na usiku, kisha hufifia siku inayofuata. Kwa mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni, hilo ni jambo jema: harufu humkuta nyumbani.

Miche ile tuliiweka kwenye madirisha ya kusini. Kitabu cha bustani tulichopewa, kilichoandikwa Ujerumani, kilisema hivyo, nasi tukatii. Tulipanda mwezi wa Aprili. Hadi Septemba tulikuwa na majani mengi na mashina membamba yaliyopinda kuelekea kioo, lakini ua hata moja hatukuliona. Katika taarifa yetu ya robo mwaka tuliandika kwamba "miche inaendelea vizuri". Haikuwa uongo, lakini aliyeisoma hakupata habari aliyostahili kupata.

Kitabu hakikukosea, kiliandikwa kwa ajili ya Ujerumani. Huko jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na hapa jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara 2 kwa mwaka, mapema Machi na kabla ya kati ya Oktoba. Kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Septemba jua huzunguka upande wa kaskazini mchana kutwa, kwa hiyo dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja hata kidogo. Linaporudi kusini, Novemba hadi Januari, jua la adhuhuri huwa juu mno, na sehemu kubwa huishia kwenye ukingo wa paa au roshani ya jirani wa juu. Sisi tulipanda Aprili, tena kusini. Hatukuweza kuchagua vibaya zaidi ya hapo.

Madirisha yanayofaa kwetu ni ya mashariki na magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huwa chini na huingia ndani mwaka mzima. La magharibi ni kali, na kopo hukauka upesi. La kaskazini linafaa kwa miezi ile ya katikati ya mwaka.

Lakini msituamini tu, pimeni wenyewe. Chukueni chaki, na kila saa mchore mpaka wa jua sakafuni au juu ya meza iliyo dirishani. Asumini huchanua vizuri ikipata jua la moja kwa moja la saa 5 au 6 kwa siku. Angalieni pia wavu wa mbu, maana wavu uliojaa vumbi hula mwanga mwingi. Tuliosha wavu wa chumba kimoja na tofauti ikaonekana siku ile ile. Nondo za dirisha, kwa upande mwingine, ni ngazi nzuri ya mmea na hazihitaji gharama.

Udongo uwe mwepesi: udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza kabisa. Msizidishe samadi, kwani mmea ulioshiba sana hutoa majani badala ya maua. Kopo litobolewe chini. Mwagilieni pale udongo wa juu unapokauka, si kwa ratiba.

Hapa tunaomba umakini. Maji yasikae kwenye kisahani cha chini. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana katika maji machache kama hayo, ndani ya nyumba zetu, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Mwageni maji kila mnapomwagilia, na kisahani kisuguliwe kila wiki, kwa sababu mayai ya mbu huyo hushika pembeni hata maji yakishamwagwa. Ikiwa nyumba haina mtu wa kufanya hivyo, ni heri isiwe na ua.

Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo, maua yakiisha, kateni ncha bila huruma. Ncha mlizokata zenye vifundo 2 au 3 zichomekeni kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini; nyingi hutoa mizizi baada ya wiki kadhaa. Wakitokea vidung'ata, wale weupe kama pamba, futeni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Kamati moja ilituuliza kama huu unaweza kuwa mradi wa kipato. Tulijibu hapana. Dirisha moja halitoi maua ya kupeleka sokoni, na hatungependa kuandika ombi la fedha kwa jambo tunalojua halitalipa.

Miche ya kwanza tuliihamishia madirisha ya mashariki mwezi wa Oktoba, tukaikata yote hadi nusu. Mitatu ilikufa. Iliyobaki ilianza kuchanua kabla ya Krismasi, na safari hii tuliandika katika taarifa idadi ya maua, na ya miche iliyokufa.