Sufuria Iliyotoboka: Kazi ya Ioni Usoni mwa Metali

Katika likizo iliyopita Baba alinituma niyeyushe mrututu wa kunyunyizia mibuni. Hapa kwetu Matiri, kama ilivyo mahali pengi katika Mbinga, kahawa ndiyo ada ya shule na ndiyo mabati ya nyumba. Mrututu ukichanganywa na chokaa huwa dawa ya kuzuia kutu ya majani. Basi nilichukua sufuria kuukuu ya alumini isiyopikiwa tena, nikatia mrututu na maji, nikauacha hadi asubuhi. Kulipokucha nilikuta sufuria ina matundu matatu, dawa imemwagika ardhini, na ndani yamebaki matope mekundu.

Baba mdogo alikuwa ameyeyusha mrututu wake usiku uleule katika sufuria ya namna ileile, nayo haikupata ila madoa machache. Baba akaniambia, "Mwanangu, umeitoboa kwa msumari. Sema kweli." Nikajibu, "La, Baba, sikuitoboa." Hakuniamini.

Niliporudi shuleni nilimweleza Mwalimu wa kemia jambo hilo. Jambo lililonitatiza ni hili. Tumefundishwa kuwa alumini ina nguvu kuliko shaba, na hivyo huifukuza shaba katika mrututu, ambao ni salfeti ya shaba. Mlinganyo wake ni huu:

2Al + 3Cu²⁺ → 2Al³⁺ + 3Cu

Ikiwa ni hivyo, mbona sufuria ya Baba mdogo ilisalimika? Mwalimu hakunijibu. Aliniambia nioshe bilauri tatu.

Katika kila bilauri tulitia mililita 100 za maji na gramu 10 za mrututu. Ya kwanza tuliiacha hivyo. Ya pili tuliongeza kijiko cha chai cha chumvi ya kupikia, yaani kloridi ya sodiamu. Ya tatu tuliongeza kijiko cha salfeti ya sodiamu. Kisha tukatumbukiza katika kila moja ukanda wa alumini uliosafishwa vizuri.

Baada ya dakika chache bilauri ya pili ilianza kuchemka kwa mapovu. Tulipoishika nje tuliona imepata moto, na shaba nyekundu ikafunika ukanda. Mwishowe ukanda ulikatika. Katika bilauri ya kwanza na ya tatu alumini ilikuwa bado inang'aa. Hapo tukafahamu mambo mawili. Si sodiamu iliyofanya kazi, maana ilikuwamo pia katika bilauri ya tatu. Wala si wingi wa ioni za kupitisha umeme, maana ya tatu nayo ilikuwa nazo nyingi. Aliyebaki ni kloridi peke yake.

Tazameni tena mlinganyo ule, wasomaji: kloridi haimo. Haiingii wala haitoki, lakini ndiyo iliyoamua kama kazi itafanyika kwa dakika au kwa siku nyingi. Hufanyaje?

Alumini, mara inapokutana na hewa, hujivika ngozi ya oksaidi. Unene wa ngozi hiyo ni sehemu chache tu za milioni za milimita, lakini inatosha kuzuia ioni za shaba zisifikie metali. Ioni za kloridi hunata juu ya ngozi hiyo. Angalieni kwamba sisemi zinanywewa ndani kama maji katika sifongo. Zinanata usoni tu, kama vumbi juu ya meza. Mahali ngozi ilipo dhaifu, kloridi huchukua nafasi ya oksijeni na kuifanya alumini iyeyuke, na kitundu kikazaliwa. Ioni za salfeti nazo hunata, lakini hazina uwezo huo wa kuvunja.

Kitundu kikisha kufunguka, ukanda mmoja huwa elektrodi mbili. Katika kitundu alumini huyeyuka na kuacha elektroni. Elektroni hizo hupita ndani ya metali mpaka mahali pengine, ambapo ioni za shaba huzipokea na kuwa shaba. Kadiri shaba inavyoongezeka, ndivyo kitundu kinavyozidi kuchimbika.

Si ioni zote zinatazo ambazo huharakisha. Nitrati ikiwapo kwa wingi hugombania nafasi na kloridi, na matundu ya alumini huchelewa. Tena, ioni zinatazo hubadili chaji ya umeme iliyo karibu na uso wa elektrodi, zikavuta ioni nyingine au kuzisukuma mbali. Mtaalamu Mrusi A. N. Frumkin alieleza mwaka 1933 jinsi hali hiyo ya umeme usoni inavyobadili mwendo wa kazi. Hali kadhalika, kloridi ni mojawapo ya sababu za chuma kuliwa upesi zaidi Mtwara, penye maji ya bahari, kuliko Mbamba Bay, ambako maji ya Ziwa Nyasa ni matamu.

Sasa nirudi kwenye sufuria yetu. Ilikuwa imewekewa samaki wa chumvi kutoka ziwani, na chumvi ilikauka ndani yake. Mama alikuwa ameniagiza niisugue kabla ya kuitumia, nami kwa uvivu niliisuuza kidogo tu. Nimemwandikia Baba barua kumweleza kuwa msumari haukuwapo, lakini kosa lilikuwa langu.

Wazazi wetu mnaolima kahawa, yeyusheni mrututu katika ndoo ya plastiki, wala si katika alumini au chuma. Shaba inayoganda kwenye chombo imetoka katika dawa yenu, nayo haitafika kwenye majani. Chombo hicho kisitumiwe tena kwa chakula, kwa kuwa mrututu ni sumu. Nanyi wenzangu mtakaojaribu jambo hili, lifanyeni mbele ya Mwalimu, wala msimwage mabaki mtoni.