Kabla ya kwenda kupimwa damu



Asubuhi moja mzee mmoja, mgonjwa wa kisukari, alilegea kwenye benchi la maabara yetu. Alikuwa akitetemeka na kutoka jasho jingi. Tulikuwa tumemwagiza aje bila kula, naye alitii. Lakini alfajiri alimeza vidonge vyake vya kisukari kama kawaida, kisha akatembea hadi hospitali na tumbo tupu. Sukari ilishuka mno. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, tulimpa maji ya sukari, akapata nafuu. Kosa halikuwa lake. Sisi tulimwambia habari ya chakula, tukasahau kumwambia habari ya dawa. Ndiyo maana mwezi huu tunaandika juu ya kujiandaa kwa vipimo.

1. Kufunga kula

Si kila kipimo kinahitaji kufunga. Kipimo cha malaria, cha virusi vya UKIMWI au cha wingi wa damu hufanyika hata kama umekula. Kipimo cha sukari ya asubuhi ndicho kinachotaka mtu asile kwa muda wa saa 8 au zaidi. Ukila saa 3 usiku, njoo saa 2 asubuhi. Hiyo ni saa 11. Maji matupu yanaruhusiwa, tena husaidia mishipa ionekane. Chai, hata isiyo na sukari, na uji havifai. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 au zaidi twashuku kisukari na kupima tena. Sasa fikiri: mama akinywa kikombe kimoja cha chai ya sukari njiani, atapata namba isiyo yake.

2. Dawa

Mgonjwa wa kisukari aje na vidonge au insulini yake mkononi, atumie baada ya kutolewa damu, akiwa na chakula karibu. Dawa za presha kwa kawaida humezwa kwa maji kama siku zote, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Usiache dawa yoyote kwa shauri lako mwenyewe.

Tuambieni dawa zote mlizotumia, hata za mitishamba na za dukani. Aliyemeza dawa ya malaria jana anaweza kuonekana hana vijidudu kwenye darubini ingawa bado anaumwa. Na kile kipimo cha haraka cha malaria huweza kuonyesha ugonjwa hata wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Hatuulizi ili tuwagombeze.

Jambo moja zito. Wapo wanaotumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ambao huenda kupimwa upya mahali pengine bila kusema. Dawa hizo zaweza kufanya kipimo kisionyeshe virusi. Mtu hufurahi, huacha dawa, na baada ya miezi tunampokea akiwa amebebwa. Kipimo cha namna hiyo si ushahidi wa kupona.

3. Hofu ya kutolewa damu

Wengine hudhani tunamaliza damu yao. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Chupa moja ndogo ya maabara huchukua kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Vaa nguo ya mikono mipana. Kama huwa unazimia ukiona sindano, sema mapema, tutakulaza kitandani. Baadaye bonyeza pamba kwa dakika 5 bila kukunja mkono.

4. Makohozi na mkojo

Makohozi ya kupima kifua kikuu yatoke kifuani kwa kukohoa, asubuhi na mapema, mate hayafai. Mkojo uwe wa katikati: mwaga wa kwanza, kinga unaofuata. Wanaopimwa mkojo kwa dawa za kulevya, labda kwa ajili ya kazi, waseme mapema dawa walizoandikiwa. Dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini yaweza kuleta jibu la kutatanisha.

5. Vinasaba

Familia hutuuliza juu ya kipimo cha DNA cha kumjua baba wa mtoto. Hapa Tanzania kipo chini ya Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hakihitaji kufunga. Mara nyingi huchukuliwa ute wa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, hivyo mtu asile wala kuvuta sigara muda mfupi kabla. Aliyeongezewa damu hivi karibuni aseme. Lakini maandalizi makubwa ni ya nyumbani: kabla ya kwenda, wazazi wakubaliane mtoto atatunzwaje jibu likiwa hivi au vile. Mtoto hana kosa katika jambo hili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Nani kwetu anatumia dawa kila siku, na je, zimeandikwa kwenye karatasi?
- Tukiambiwa tusile, tumeuliza kuhusu dawa?
- Tukipewa jibu, tutarudi kwa daktari lini?

Msipoelewa maagizo, ulizeni tena kabla ya kuondoka dirishani. Hata kama foleni ni ndefu.