Dawa za Kuvu ya Ngozi, Kichwa na Kucha

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu miezi yote, na wachuma chai hushinda na miguu iliyoloa ndani ya viatu vya mpira. Unyevu huo huotesha kuvu katikati ya vidole. Kuvu ya jamii hiyo ndiyo iletayo choa, yaani mashilingi, vichwani mwa watoto.

Dawa hufuata mahali pa ugonjwa. Choa cha ngozi hupakwa krimu ya klotrimazoli kwa majuma 2 hadi 4, hata kama mwasho umekwisha mapema. Choa cha kichwa hakiponi kwa kupaka tu, kwa maana kuvu imeingia ndani ya unywele; mtoto hupewa vidonge vya griseofulvini, pamoja na maziwa yasiyoondolewa siagi, kwa majuma 6 hadi 8 au zaidi. Kucha za miguu zahitaji terbinafini kwa majuma 12.

Vidonge hivyo visimezwe bila shauri la daktari. Griseofulvini imekatazwa kwa mja mzito; terbinafini yaweza kudhuru ini. Macho yakigeuka manjano, au mkojo ukifanana na chai ya rangi, mgonjwa aache dawa na kwenda hospitali mara moja.

Dawa iachwayo nusu huurudisha ugonjwa.