Nyumba Iliyobaki Katika Picha

SOMO LA 31

Nyumba ya miti na majani haidumu kama nyumba ya mawe. Mchwa hula nguzo, mvua huozesha paa, upepo hulegeza fito. Baada ya miaka michache mwenyewe huibomoa na kujenga nyingine. Wazee wetu hawakuhuzunika kwa ajili hiyo, maana fundi alikuwapo. Lakini fundi akifa pasipo kumfundisha mtu, nyumba yake imekwisha kabisa. Ndipo watu huanza kutafuta picha.

Majumba ya Uele

Kaskazini ya Kongo, katika nchi ya mto Uele, wanakaa Wamangbetu. Mwaka 1870 Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, alifika kwa mfalme wao aitwaye Mbunza. Alishangaa sana kuona jumba la baraza lenye urefu wa mita zaidi ya 30. Paa lake lilipindwa kama upinde, nalo lilijengwa kwa mashina ya majani ya mti wa rafia. Schweinfurth alilichora kwa mkono wake. Jumba lenyewe halipo tena, mchoro uko.

Baadaye walikuja Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na nyumba ya makumbusho ya New York. Walisafiri katika Kongo tangu mwaka 1909 hata mwaka 1915. Lang alikuwa na mashine ya picha. Alirudi na picha karibu 10,000: watu, wanyama, vijiji, na jumba la mfalme Okondo wa Wamangbetu.

Tena kulikuwa na Mpoloni mmoja, Casimir Zagourski. Alifika Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, mwaka 1924, akafungua duka la picha. Alisafiri mbali kupiga picha za watu na vijiji, akaziuza kama kadi za posta. Aliziita «Afrika inayotoweka». Alikufa mwaka 1944. Fikirini jina hilo, watoto. Je, kitu kinatoweka kwa sababu ni cha zamani? Hapana. Kinatoweka wakati hakuna tena anayejua kukifanya.

Namna ya kupiga picha ya nyumba

Kwanza, bisha hodi. Nyumba ina mwenyewe. Msalimu, mweleze unalotaka, ngoja jibu lake. Akikataa, shukuru na uende zako.

Pili, tazama jua. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa. Paa hutupa kivuli kizito juu ya ukuta, na mlango huonekana kama shimo jeusi. Asubuhi na jioni jua hupiga kwa upande. Hapo kila alama ya vidole katika udongo huonekana, na kila fungu la majani hujitenga na jingine.

Tatu, anza mbali. Panda kilima, upige picha ya kijiji chote pamoja na njia, mto na mashamba. Nyumba haikuwekwa mahali pake bure. Pengine mwenyewe alikimbia maji ya mafuriko, pengine alitafuta udongo mzuri. Mwisho wa kiangazi moshi wa nyasi zinazoungua huficha milima. Baada ya mvua hewa husafika, na mlima wa mbali huonekana vizuri.

Nne, karibia. Shika mashine sawasawa, usiiinamishe, kuta zisije zikaonekana kama zinaanguka. Mwombe mtu asimame karibu na mlango, ili atakayeiona picha apate kujua kimo cha nyumba. Kisha piga picha ya fundo la kamba, ya ncha ya paa, na ya ndani.

Tano, usidanganye. Wapiga picha wengine huficha nyumba ya mabati iliyo jirani, au huwaambia watu wavue nguo zao za kila siku, kusudi kijiji kionekane cha kale. Picha ya namna hiyo ni uongo, hata ikiwa nzuri.

Picha haisemi yote

Wamangbetu walipamba kuta za nyumba zao kwa rangi. Lakini picha za zamani zilizo nyingi ni nyeusi na nyeupe. Ukiona mstari mweusi, je, ulikuwa mweusi kweli, au mwekundu? Kama mpiga picha hakuandika, wewe hutajua. Na nyuma ya picha nyingi za zamani hatukuti jina la fundi. Tunaona kazi yake, naye hatumjui.

Kwa hiyo daftari na kalamu zifuatane na mashine. Uliza hivi: «Babu, nguzo hizi ni za mti gani? Kwa nini huo, usiwe mwingine? Mlikata majani mwezi gani? Nani alikufundisha?» Andika majibu kwa lugha yake mwenyewe, maana majina mengine ya miti na mafundo yamo katika lugha hiyo tu. Andika pia jina lake, jina la kijiji, siku, mwezi na mwaka.

Na asiye na mashine ya picha? Schweinfurth alitumia kalamu. Wewe pia una kalamu, una macho, una babu. Picha itaingojea miaka mingi katika sanduku. Mzee hatangoja.

Maswali

1. Ni vitu gani vinavyoharibu nyumba ya miti na majani?
2. Schweinfurth alifanya nini mwaka 1870? Lang alikuwa na kitu gani zaidi?
3. Kwa nini saa sita mchana si saa njema ya kupiga picha ya nyumba?
4. Mtu anayesimama karibu na mlango anatuonyesha nini?
5. Kwa nini kuficha nyumba ya mabati ni uongo?

Kazi ya nyumbani

Nenda kwa mzee mmoja wa kijiji chako. Chora nyumba ya namna ya zamani anayoijua. Andika majina ya miti mitatu iliyotumiwa, na kazi ya kila mti. Usisahau kuandika jina la mzee.