Sarafu za Kale za Hispania kwa Mwenye Pesa Chache

Katikati ya Madrid, mji mkuu wa Hispania, pana uwanja mkubwa wa mraba uitwao Plaza Mayor, uliozungukwa pande zote na nyumba ndefu zenye matao chini yake. Jumapili asubuhi wafanya biashara wa stempu na sarafu za kale huja wakapanga meza zao chini ya matao hayo. Sarafu kubwa za fedha na za dhahabu huwekwa ndani ya visanduku vyenye vifuniko vya kioo, kila moja na bei yake. Kando yake aghalabu pana kisanduku kisicho na kifuniko, kimejaa sarafu nyeusi za shaba zilizolika. Watu wengi huvitazama vile vya kioo, wakauliza bei, wakaenda zao. Mtu mwenye pesa chache, kama ana akili, hukiinamia kile kisanduku cheusi.

Wengi hudhani kwamba sarafu huwa ghali kwa sababu ya ukale wake. Sivyo. Sarafu ya miaka mia nne yaweza kuuzwa kwa euro chache tu, na nyingine ya miaka mia moja ikauzwa kwa bei ya ng'ombe. Bei yatokana na wingi wa zile zilizobaki, na uzuri wa hali yake, na idadi ya watu wanaoitaka. Sarafu za shaba za Hispania zilipigwa nyingi mno, nazo zilikuwa pesa za watu wadogo: mchukuzi, mfuaji nguo, muuza mboga. Zilipita mikono mingi hata zikalika. Kwa hiyo leo hazina bei kubwa. Walakini habari zilizoandikwa juu yake ni nyingi kuliko zile za sarafu ya dhahabu iliyolala sandukuni mwa tajiri.

Hata hivyo yafaa kuanza na sarafu kubwa, maana bila hiyo zile ndogo hazifahamiki. Mwaka 1497 Malkia Isabel na mumewe Mfalme Fernando walitoa amri katika mji wa Medina del Campo, kwamba reale moja ya fedha iwe sawasawa na maravedi 34. Maravedi ndiyo iliyokuwa hesabu ndogo ya watu wa Castilla. Baadaye ikapigwa sarafu kubwa ya reale nane, yenye uzito wa gramu 27 hivi, yaani maravedi 272. Mwaka 1545 fedha nyingi ikaonekana katika mlima wa Potosí, ulio katika nchi iitwayo leo Bolivia; na Meksiko nako kulikuwa na machimbo makubwa. Wenyeji wa Potosí na nchi za jirani walishurutishwa kuingia mashimoni, na wengi walikufa katika kazi hiyo. Fedha waliyoitoa ikaenda Hispania, ikaenda Uchina na Bara Hindi, hata ikafika pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1732 kiwanda cha Meksiko kilianza kupiga reale nane kwa mashine, za mviringo ulio sawa, na ukingo wake umechorwa ili watu wasiweze kuukata kwa siri. Upande mmoja zina dunia mbili chini ya taji, juu ya mawimbi ya bahari, na nguzo mbili zimesimama kulia na kushoto. Kilatini kilichoandikwa hapo chasema kwamba dunia zote mbili ni kitu kimoja, maana yake ile ya kale na ile mpya ya ng'ambo ya bahari. Watu wa pwani hawakujishughulisha na Kilatini. Walizitazama zile nguzo wakaona mizinga miwili iliyosimamishwa, wakaiita sarafu hiyo reale ya mzinga. Na neno reale lenyewe, ambalo lilitumika Unguja na Mombasa kwa sarafu kubwa za fedha za mataifa mbalimbali, asili yake ni real, jina la pesa za Wareno na Wahispania.

Reale ya mzinga iliyo nzuri huuzwa siku hizi kwa euro mia na zaidi. Mwenye euro ishirini hawezi kuinunua. Na akiuziwa kwa euro ishirini, basi ajue ya kuwa si reale ya mzinga. Za uwongo ni nyingi sana. Nyingine hunaswa na sumaku, na fedha hainaswi na sumaku. Nyingine zina uzito wa gramu ishirini na mbili au tatu tu, au zina mstari ukingoni palipoungana vipande viwili vya kalibu. Aliye na mizani ndogo na sumaku hudanganywa mara chache kuliko aliye na macho peke yake. Lakini wapo wadanganyifu hodari hata mizani haiwatambui, wala sumaku. Basi heri mwanafunzi auache mzinga kwa sasa, arudi kwenye kisanduku cheusi.

Humo aghalabu ataona sarafu za shaba zisizo mviringo kamili, zenye alama zilizopandana hata hazisomeki vizuri. Mahali pamoja pana taji, mahali pengine pana ngome au simba, na juu ya hayo yote pamepigwa tarakimu za Kirumi: IIII, au VIII, au XII. Mtu asiyejua husema kwamba zimeharibika, akazirudisha. Kumbe hizo ndizo za kuchaguliwa kwanza.

Habari zake ni hizi. Mfalme Felipe III alirithi madeni makubwa na vita visivyokwisha. Mwaka 1602 akaamuru sarafu ndogo zipigwe kwa shaba tupu, bila chembe ya fedha, na uzito wake uwe nusu ya ule wa kwanza. Mwaka uliofuata, 1603, akapata njia nyepesi zaidi. Aliamuru sarafu za shaba zilizokuwa mikononi mwa watu ziletwe viwandani, zipigwe chapa mpya, na thamani yake iwe mara mbili. Ya maravedi mbili ikapigwa IIII, na ya nne ikapigwa VIII.

Mathalani mfanya kazi alikuwa na sarafu kumi za maravedi mbili, ambazo jumla yake ni maravedi ishirini. Alizipeleka kiwandani, zikapigwa IIII. Sasa kila moja ni nne, basi alirudishiwa sarafu tano, maana nne mara tano ni ishirini. Tano zilizobaki zikawa mali ya mfalme. Kwa hesabu ya karani mtu yule hakupoteza kitu. Lakini shaba yake ilikuwa imepungua nusu, na wenye maduka hawakuwa wajinga: waliona wingi wa shaba iliyopigwa chapa, wakapandisha bei. Aliyekuwa na fedha akaificha nyumbani, akalipa kwa shaba. Tena katika miaka hiyo wageni walileta kwa magendo shaba iliyopigwa kwao, wakaondoka na fedha. Hata ikawa mtu akitaka kubadili shaba apate fedha, hana budi kuongeza shaba juu ya hesabu ya sheria.

Mwanawe, Felipe IV, aliona hasara iliyokuja, naye mwaka 1628 akaamuru thamani ya sarafu za shaba ishushwe kwa nusu. Mtu aliyelala usiku na maravedi ishirini akaamka na kumi. Matajiri walikuwa na fedha na mashamba. Hasara kubwa iliwaangukia wasiokuwa na kitu ila shaba. Wala haukuwa mwisho. Vita viliendelea, na mwaka 1636 sarafu zikarudishwa viwandani kupigwa chapa za kuongeza thamani. Ndipo nyingi zilipopata XII. Mwaka 1641 zikapandishwa tena, na mwaka 1642 zikashushwa mno. Mambo hayo yalirudiwa tena na tena katika siku za mfalme huyo. Kwa hiyo kipande kimoja cha shaba chaweza kuwa na chapa mbili au tatu zilizopandana, kila moja ni amri ya mfalme na hasara ya mtu. Mahali pengine mwaka husomeka wazi pamoja na alama ya mji: kwa Segovia ni daraja la maji lililojengwa na Warumi, kwa Toledo ni herufi T, kwa Burgos ni B. Mwenye sarafu sita za namna hii, alizozinunua kwa bei ya chakula cha mchana, ana kitabu cha vita na madeni ya miaka sitini mkononi mwake.

Asiyependa kufumbua chapa zilizochakaa aweza kuanza na sarafu za karibu zaidi. Mwezi wa Oktoba 1868, baada ya Malkia Isabel II kukimbia nchi, serikali ya muda ilianzisha peseta, iliyogawanywa katika sentimo mia. Mwaka 1870 zikatolewa sarafu za shaba na bati zilizoyeyushwa pamoja, yaani za bronzi: sentimo kumi yenye uzito wa gramu kumi, na sentimo tano yenye gramu tano. Upande mmoja ameketi mwanamke, ndiye mfano wa Hispania. Upande wa pili amesimama simba akishika ngao. Mchoraji alikusudia simba wa kifalme. Watu wa sokoni walimtazama wakamwona mbwa. Basi sentimo kumi ikaitwa perra gorda, yaani mbwa jike mnono, na sentimo tano perra chica, yaani mbwa jike mdogo. Majina hayo yakashika, hata sarafu zilizofuata zisizo na simba wala mbwa ziliitwa hivyo. Ndivyo nguzo za Hispania zilivyokuwa mizinga kwa watu wa pwani, na simba wa Hispania akawa mbwa kwa Wahispania wenyewe.

Anayenunua peseta za fedha za zamani hizo hana budi kuwa na kioo cha kukuzia. Mwaka ulioandikwa kwa tarakimu kubwa waweza kuwa ni mwaka wa amri tu; mwaka ambao sarafu ilipigwa kweli umeandikwa kwa tarakimu ndogo sana ndani ya nyota mbili zilizo kando yake. Nyota hizo zikilika, bei hushuka sana, na hiyo ni bahati njema kwa mtu asiyejali ila picha.

Na picha zinazopendwa kupita zote ni za Alfonso XIII. Baba yake alifariki Novemba 1885, naye akazaliwa Mei 1886, akawa mfalme siku ile ile aliyozaliwa. Mama yake, Maria Cristina, alishika ufalme kwa niaba yake hata mwaka 1902. Kiwanda kilikuwa na kazi ya ajabu, maana kichwa cha mfalme kilibadilika kila baada ya miaka michache. Zipo sarafu ndogo za fedha za sentimo 50 zenye kuonyesha jambo hilo. Ile ya 1889 ina mtoto mchanga asiye na nywele, ya 1894 ina mtoto mwenye nywele za mawimbi, ya 1900 ina kijana aliyepanda nywele mbele, na ya 1904 ina mwanamume. Zote nne kwa pamoja hazifiki bei ya reale moja ya mzinga, nazo zikipangwa mstari mmoja mtu huona mfalme akikua mbele ya macho yake.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1936 hata 1939, watu walificha fedha kama walivyoificha katika siku za Felipe. Serikali ya Jamhuri ikatoa peseta ya shaba ya manjano mwaka 1937, yenye kichwa cha mwanamke, na kwa rangi yake watu wakaiita rubia, maana yake mwanamke wa nywele za dhahabu. Mwaka 1938 chenji iliadimika hata stempu zikabandikwa juu ya viduara vya karatasi ngumu, zikatumika kama sarafu. Rubia ni rahisi sana kupatikana. Peseta iliendelea kuwa pesa ya nchi hata Februari 2002, ilipoiachia euro mahali pake.

Jambo moja huwapoteza waanzaji wengi. Wakifika nyumbani huchukua majivu, au mchanga, au limau, wakaisugua sarafu yao mpaka ing'ae kama sufuria. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyo juu ya shaba imefanyika polepole kwa miaka mingi, nayo huilinda. Ikiondolewa hairudi, na sarafu ya euro tano huwa haina mnunuzi. Kwenye zile za Felipe hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa chapa ya kwanza, iliyo chini ya IIII, mara nyingi ni nyembamba kama unyuzi, na kusugua mara moja kwatosha kuifuta. Sarafu ishikwe ukingoni kwa vidole viwili, iwekwe ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, na juu ya bahasha paandikwe mahali iliponunuliwa, siku, na bei. Wala isinunuliwe kwa mtu anayesema kwamba ameifukua usiku shambani. Kwa sheria ya mwaka 1985 vitu vya kale vinavyofukuliwa katika nchi ya Hispania ni mali ya taifa, na anayevichimba bila ruhusa huvunja sheria.

MASWALI

1. Mtu alikuwa na sarafu 24 za maravedi mbili mwaka 1603. Alizipeleka kiwandani zikapigwa IIII. Alirudishiwa sarafu ngapi? Mfalme alibakiwa na ngapi?

2. Kwa nini watu wa pwani waliiita sarafu ya nguzo reale ya mzinga?

3. Sarafu mbili za shaba zauzwa bei moja. Moja inang'aa sana, ya pili ni nyeusi na ina chapa tatu. Utachukua ipi, na kwa nini?