Kishona Nguo, Mafuta ya Ngozi na Mwanga wa Jua

Kando ya barabara itokayo Usagara kuelekea Kigongo, kama ilivyo katika mashamba mengi ya Kanda ya Ziwa, humea gugu liitwalo kishona nguo. Ua lake lina kitovu cha manjano, na mbegu zake nyeusi hunasa katika nguo za mpita njia. Wataalamu wa mimea huliita *Bidens pilosa*, nalo ni la jamii moja na alizeti. Katika sehemu nyingi za Afrika majani yake hupondwa na kuwekwa juu ya vidonda. Je, yafaa pia kutiwa katika mafuta ya kujipaka?

Kemia hujibu kwanza kwa kutenganisha. Majani makavu yakilowekwa katika maji ya moto hutoa hasa flavonoidi, ambazo huzuia uoksidishaji na kwa hiyo huwavutia watengenezaji wa vipodozi. Yakilowekwa katika heksani, hutoa kundi jingine, yaani poliasetileni. Mojawapo ni fenilheptatriini, C₁₃H₈, yenye vifungo vitatu vya utatu kati ya atomi za kaboni. Alkoholi huchukua sehemu ya makundi yote mawili. Mwanafunzi akumbuke kanuni kwamba kitu huyeyuka katika kinachofanana nacho. Basi mafuta ya alizeti au ya nazi, kama heksani, huelekea kuchukua poliasetileni kuliko flavonoidi.

Hapo ndipo penye hatari. Fenilheptatriini hufyonza mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua. Mwaka 1979, G. H. N. Towers na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walieleza kwamba kampaundi za aina hii hushambulia vijidudu zinapomulikwa na mionzi hiyo, na kwamba fenilheptatriini hudhuru hata seli za ngozi ya binadamu zilizokuzwa maabarani. Nguvu ileile iuayo vijidudu vya kidonda yaweza kuigeukia ngozi.

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno ni mikali mwaka mzima. Mvuvi na mkulima hushinda juani. Mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake ina melanini kidogo mno, hukabiliwa na saratani ya ngozi hata bila kupaka kitu.

Tahadhari hii si ya nadharia tu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliwekea mipaka dondoo la *Tagetes minuta*, gugu la jamii hiyohiyo limealo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ukalikataza katika mafuta ya kukinga jua, kwa sababu hudhuru ngozi iliyo mwangani.

Jaribio. Andaa sahani mbili zilizooteshwa hamira. Katika kila moja weka karatasi mbili ndogo zilizokaushwa: moja yenye dondoo la alkoholi, nyingine iliyochovywa katika alkoholi tupu. Funika sahani moja kwa karatasi ya alumini, kisha ziweke zote juani kwa saa moja. Zihifadhi gizani siku mbili, ndipo ulinganishe. Dondoo lisipakwe mwilini.

Maswali. 1. Karatasi ya alkoholi tupu ina kazi gani? 2. Kwa nini sahani ya gizani peke yake isingetosha kuthibitisha usalama wa dondoo?