Una Kisukari? Pima Hatari ya Macho Yako

Mtu mwenye kisukari anaweza kusoma namba 46 kwenye matatu ya Kawangware ikiwa bado mbali, kumbe mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho imeshaanza kuvuja. Ugonjwa huu wa retina, yaani sehemu hiyo ya nyuma ya jicho, hauumi wala hauwashi mwanzoni. Kwa hiyo "mimi naona vizuri" si kipimo.

Jibu NDIYO au HAPANA

1. Umeishi na kisukari zaidi ya miaka 5?
2. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kimezidi asilimia 7?
3. Presha yako hufika 140/90 au zaidi?
4. Una shida ya figo, mafuta mengi kwenye damu, au unavuta sigara?
5. Una mimba, na kisukari ulikuwa nacho kabla?
6. Mwaka umepita bila kupimwa macho?

Kila NDIYO huongeza hatari. Hata majibu yote yakiwa HAPANA, pimwa kila mwaka. Kisukari cha aina ya pili huweza kujificha mwilini kwa miaka, basi macho yapimwe mara tu kinapogunduliwa. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba apimwe mapema, asingoje kujifungua.

Kupimwa kukoje?

Kuchagua miwani barabarani si kupimwa. Mhudumu huweka matone ya kupanua mboni, kisha huangalia retina au huipiga picha. Kwa saa chache utaona ukungu: nenda na mtu wa nyumbani, na usiendeshe bodaboda siku hiyo.

Omba rufaa katika kliniki yako ya kisukari. Wakazi wa Kibera wako karibu na hospitali za Mbagathi na Kenyatta. Wa Kawangware hawako mbali na hospitali ya macho ya Lions, Loresho.

Usingoje kesho

Ukiona vidoa vyeusi vinavyoelea ghafla, kivuli kama pazia, au jicho likipoteza nuru ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu ya leza na sindano za jicho huweza kuzuia upofu, lakini mara nyingi hayarudishi nuru yote iliyokwisha kupotea. Leo jioni, fungua kitabu chako cha kliniki. Kama hakina tarehe ya kupimwa macho, omba rufaa kliniki ijayo.